Barua Niliyojiandikia kwa Jina la Mdogo Wangu

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita lilifungiwa sukari kabla hawajafika ukurasa huu, nitawafupishia: niliiba.

Sikuiba kitu cha kuliwa wala cha kuvaliwa. Niliiba cheti cha kidato cha nne cha mdogo wangu wa kike, baba mmoja mama mmoja, nikamwambia kimeliwa na mchwa. Nikakipeleka chuo cha uhazili na biashara, nikaandikishwa kwa jina lake. Cheti changu mimi kilikuwa cha darasa la saba, na wa darasa la saba chuoni pale walipokelewa kwa kazi ya kufagia tu.

Mwalimu mmoja mstaafu ameniletea barua kupitia kwa mhariri, anasema nawaharibu vijana. Nimeisoma yote. Pambizo zake zimepinda. Tuendelee.

Mkumbuke pia kwa nini niliiba. Miaka minane nilikuwa mpika chai kwenye ofisi ya bima. Karani wa pale alikuwa anakaribia kustaafu, na bosi aliniahidi mbele ya watu: "Mama Chai, siku utakayoniletea cheti cha taipu, kile kiti cha dirishani ni chako."

Wajanja mtauliza, cheti kingetoka kwa jina la mdogo mtu, bosi angekubalije?

Bosi hakulijua jina langu, wenzangu. Hakuna aliyelijua. Hata kwenye daftari la mahudhurio nilikuwa "wa chai". Mtu aliyekaa miaka minane bila jina, akiokota moja si analivaa?

Basi nikalivaa. Asubuhi birika, alasiri chuo. Mwaka ukaisha bila mtu kushtuka, na kilichobaki kilikuwa mtihani wa mwisho, siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimeshaanza kuota kiti cha dirishani, na kwenye ndoto kilikuwa na mto.

Hapo ndipo Ofisi ya Mfano ikanimaliza.

Niwaeleze. Chuo kilikuwa na chumba, chumba namba sita, kilichopangwa kama ofisi ya kweli. Meza ya mkurugenzi, meza ya mhazili, kabati la majalada, simu isiyounganishwa popote, trei mbili: Zinazoingia, Zinazotoka. Hata karatasi zilikuwa na kichwa tulichokipiga wenyewe kwa stensili, "Kampuni ya Usafirishaji wa Nje na Ndani", na chini yake anwani ya chuo. Kampuni haikuwa na gari hata moja. Ilikuwa na wasichana thelathini na mimi.

Wao walikuwa wa miaka kumi na tisa, ishirini. Mimi thelathini na sita. Waliniita Shangazi.

Mwalimu wetu tulimwita Madamu Rula. Alikuwa anatufunga kitambaa cheusi shingoni, kama mtoto anayelishwa, kinashuka na kufunika mashine na mikono yako yote, karatasi tu ikibaki nje. Unachapa bila kuona herufi. Ukichungulia herufi, rula nayo inachungulia vidole vyako.

Wiki mbili kabla ya mtihani akaingia na zoezi.

"Leo mnachapa barua ya kumwita mwombaji kwenye usaili. Mwombaji ni wewe mwenyewe. Jina lako, anwani yako ya nyumbani. Nataka muionje raha ya kuitwa, maana wengine humu hamtaitwa popote."

"Madamu!"

"Nimesema wengine. Kwa nini umeitika wewe?"

Nikachapa. Jina: la mdogo wangu. Anwani: sanduku la posta la marehemu baba, kwa kuwa sikuwa na jingine. Alhamisi, saa nane mchana, chumba namba sita, uje na cheti chako halisi. Madamu Rula alinipa alama tisini na mbili. Kama kawaida, barua zote zikawekwa kwenye trei ya Zinazotoka, zisubiri kugeuzwa upande wa pili kwa mazoezi ya kesho.

Wiki ile chuo kilikuwa kimeajiri tarishi mpya.

Tarishi wa zamani alijua kwamba trei ya chumba namba sita ni ya kuchezea. Huyu mpya hakuambiwa. Aliona trei imeandikwa Zinazotoka, akazitoa. Akazitia bahasha, akazibandika stempu za chuo, akazipeleka posta, akarudi amesimama wima kama aliyekomboa nchi.

Jumatatu wasichana wakaja darasani wanacheka hadi wanashikana. Kila mmoja kapokea barua yake mwenyewe.

"Mimi baba kanichinjia kuku!"

"Mimi mama kalia!"

"Shangazi, yako imefika?"

Nikacheka nao, ila mimi nilicheka kwa meno tu. Jina lililokuwa kwenye barua yangu lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeshika ufunguo wa sanduku la posta.

Nilipofika nyumbani alikuwa amesimama mlangoni.

Mdogo wangu huyu, niwakumbushe, alikuwa na miaka minne tangu amalize shule, na miaka yote hiyo alikuwa kwenye kochi langu. Kila kazi niliyomtajia ilikuwa na kasoro. Hii ina vumbi, ile ina kusimama. Tangu cheti "kiliwe" akapata usingizi mzuri zaidi. Mgeni akiuliza, anahema: "Ningekuwa na cheti changu, mngeniona hapa?" Nawaambia ukweli wangu mchungu: ule wizi ulimfaa kuliko zawadi yoyote niliyowahi kumpa.

"Dada! Nimeitwa usaili!"

"Wapi?" nikauliza.

"Kampuni ya Usafirishaji wa Nje na Ndani. Sikumbuki hata kama niliwaandikia. Watu wazito wanakutafuta wenyewe, dada."

Akanipa nisome. Nikaisoma barua yangu. Mashine yangu ilikuwa na herufi moja inayoruka juu ya mstari, nayo ilikuwa inaruka pale pale, inanicheka.

"Tazama ilivyopangwa," akasema. "Huyu mhazili wao kasoma haswa. Si watu wa kubabaisha."

Nusura niseme asante.

"Mdogo wangu, mimi kampuni hii siijui. Mjini kuna matapeli. Usiende."

"Matapeli wanachapa hivi?"

"Wanataka cheti, na cheti huna."

"Nitawaambia ukweli. Mchwa."

"Nani ataamini mchwa?"

"Wewe si uliwaona? Utanishuhudia."

Akanitazama kidogo, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Au una wivu, dada?"

"Wivu wa nini?"

"Mimi niketi ofisini, wewe uniletee chai."

Wapo wanaodai kwamba mwizi akiumizwa roho na mwenye mali anatubu. Mimi nilienda kumfichia viatu. Alikuwa na jozi moja tu ya kwendea mjini. Nikaitia ndani ya pipa la nguo chafu na kuketi juu ya kifuniko.

Alhamisi akavaa vyangu.

Saa nane kamili mimi nilikuwa chumba namba sita, kwenye meza ya mhazili, maana ndiyo ilikuwa zamu yangu. Nikasikia kisigino kikigonga kwenye ukumbi. Kisigino cha viatu vyangu nakijua, cha kushoto kina msumari.

"Hodi?"

Nikaangusha kifutio makusudi, nikakifuata chini ya meza.

"Karibu," akasema Miwani, msichana aliyekuwa mkurugenzi siku ile. "Tukusaidie nini?"

"Nimeitwa usaili. Barua hii hapa."

Nikasikia wasichana wananong'onezana. Walidhani Madamu Rula, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa na daftari lake la alama, kamleta mtu wa kuwajaribu ghafla. Madamu naye, kama alivyokuja kusema baadaye, alidhani wasichana wamemleta mtu kumfurahisha yeye. Kila upande ukajitahidi.

"Keti, bibie," Miwani akasema kwa sauti ya tumbo. "Una uzoefu gani?"

"Uzoefu ninao wa kusubiri."

"Kusubiri nini?"

"Kazi inayolingana na mimi."

"Unajua taipu?"

"Hiyo ni ya makarani. Mimi nilifikiri nafasi ni ya juu kidogo."

Darasa zima likaziba midomo. Madamu Rula akaandika kitu kwenye daftari. Naapa alikuwa anatoa alama.

"Cheti?"

"Kililiwa na mchwa. Dada yangu alishuhudia."

"Jina lako kamili?"

Mdogo wangu akalitaja. Majina yote matatu, kwa mapozi, kama mtu anayeyatandika kitandani.

"Heh!" mmoja akaropoka. "Anaitwa kama Shangazi!"

"Shangazi yuko wapi?" Madamu akauliza kutoka nyuma.

"Yuko chini ya meza."

Nikaona soli za Madamu Rula zikija. Zikasimama mbele ya pua yangu.

"Shangazi, kifutio kimepotea au umejenga huko?"

Nikatoka. Nilikuwa nimeshika kifutio mbele yangu kama kitambulisho.

"Dada?" akasema mdogo wangu.

"Mdogo wangu," nikasema.

"Unafanya nini hapa? Umewaletea chai?"

Hakuna aliyecheka. Madamu Rula alifungua daftari la majina, akaweka rula chini ya mstari mmoja, akamtazama mdogo wangu, akanitazama mimi. Mstari mmoja, sura mbili. Akafunga.

"Kwa Mkuu," akasema. "Wote wawili."

Mkuu wa chuo alikuwa mzee mnene anayeogopa mambo mawili: ngazi na wizara. Kesho yake msimamizi wa mtihani alikuwa anatoka wizarani. Akatoa jalada langu, akafungua, akaweka cheti mezani.

Mdogo wangu akakiinamia. Akakigusa pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne.

"Mchwa hawajala hata nukta," akasema polepole.

Nilitamani wale mchwa waje, hata kwa kuchelewa, waanze na mimi.

"Nataka jibu fupi," Mkuu akasema, anajifuta jasho. "Mwanafunzi wangu ni yupi? Kama kuna mtu kasoma humu kwa cheti cha wizi, namtoa leo, na polisi wataambiwa. Mwenye jina hili ni nani?"

Nikafungua mdomo nikiri. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"Wote wawili," akasema mdogo wangu.

"Wote?"

"Bibi yetu alikuwa mkali, mzee. Alitaka kila mjukuu wa kike abebe jina lake, na baba alikuwa muoga. Nyumbani wanatutofautisha kwa ukubwa. Hiki ni cha dada. Mimi changu ndicho kililiwa. Na barua yake ikaingia mkononi mwangu, nikadhani yangu."

Bibi yetu, Mungu amlaze pema, alikuwa mpole kuliko maji ya mtungi, na hata hakuwa anajua majina yetu yote. Lakini Mkuu aliipokea ile hadithi kama mtu anayepokewa mzigo kichwani.

"Umeona, Madamu? Ni mambo ya kifamilia tu."

Madamu Rula alikuwa anatazama dirishani. "Nimeona, Mkuu," akasema. "Nimeona vizuri."

Tukatoka. Nje ya geti nikamkumbatia mdogo wangu, nikalia hadi bega lake likalowa. Nikamwomba radhi. Na kwa ujinga wa furaha, mkinicheka mna haki, nikamweleza yote: ofisi ya bima, karani anayestaafu, ahadi ya bosi, kiti cha dirishani, na jinsi pale hakuna anayelijua jina langu.

Akanisikiliza vizuri sana. Hajawahi kunisikiliza vile tangu azaliwe.

"Kwa hiyo bosi anasubiri cheti," akasema.

"Ndiyo."

"Na cheti kitatoka kwa jina langu."

"Ndiyo, lakini..."

"Basi kesho jitahidi, dada. Nataka daraja la kwanza."

Machozi yakanikauka hapo hapo.

"Unasemaje?"

"Jina langu, cheti changu. Kikitoka nitakuja kukichukua mwenyewe, nitampelekea bosi wako. Nikikaa kile kiti, wewe uendelee na kazi yako, sina kinyongo. Chai yangu isiwe na sukari nyingi."

"Utachapa na nini wewe, na pua?"

"Utanielekeza. Si utakuwa hapo hapo na birika lako?"

"Na nikikataa?"

"Nitarudi kwa yule mzee mnene, nimwambie bibi yetu alikuwa mpole."

Huyo ndiye mdogo wangu, niliyembeba mgongoni. Miaka minne nilidhani ana uvivu wa akili. Kumbe akili ilikuwa nzima, imepumzishwa tu.

Ijumaa asubuhi akaamka kabla yangu. Ajabu hiyo peke yake ilitosha kuandikwa gazetini.

"Nakusindikiza," akasema. "Nisije nikaibiwa mara ya pili."

Akanisindikiza mpaka mlango wa chumba cha mtihani. Mlango uliachwa wazi kwa joto, naye akasimama kwenye kibaraza, mkono kiunoni, kama mwenye ng'ombe mnadani.

Niliketi kwenye mashine yangu. Madamu Rula akapita akitufunga vitambaa. Aliponifikia mimi aliukaza mkanda shingoni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mashine haijui wewe ni nani. Inajua vidole tu." Akapita.

Sikujua ananitia moyo au ananitukana. Mpaka leo sijui.

Msimamizi wa wizara alikuwa mtu mwembamba, mkavu, na orodha yake kwenye ubao wa klipu. "Wekeni karatasi. Juu kabisa kila mtu achape jina lake kamili. Msianze swali la kwanza mpaka niseme."

Nikaweka karatasi. Vidole vikajipanga vyenyewe. Nikachungulia mlangoni. Mdogo wangu akanipungia, halafu akafanya kama anakunywa kitu kwenye kikombe, kidole kidogo kimenyooka.

Nikifaulu, nimempa kiti. Nikifeli, narudi kwenye birika na kiti anapewa mtoto wa dada yake bosi, aliyekuwa akikimezea mate siku zote. Nikikiri, polisi. Njia tatu, na zote zinapita jikoni kwangu.

Ndipo mikono ikafanya jambo bila kuniuliza. Ikachapa jina langu. Langu mimi, la darasa la saba, nililopewa na baba yangu.

Nililikosea. Mwaka mzima nilikuwa nimechapa majina ya makampuni, ya wakurugenzi, ya bandari za mbali, na hilo ndilo neno pekee ambalo sikuwahi kulifanyia mazoezi. Nikalifuta, nikalichapa tena. Likakaa sawa.

Viatu vikasimama nyuma yangu.

"Mama," akasema msimamizi. "Jina hili halimo kwenye orodha yangu."

"Ndilo langu, baba."

"Sikatai. Ila halimo." Akapitisha kalamu kwenye orodha. "Mashine hii namba kumi na nne ina mtu mwingine." Akainua kichwa, akalisoma kwa sauti kubwa, majina yote matatu, kama anavyoita mtu wa mahakamani. "Yupo?"

Mdogo wangu alikuwa amekaa miaka minne akisubiri kuitwa jina lake na mtu mwenye orodha mkononi.

"Nipo!" akaitika kutoka kibarazani.

Nadhani lilimtoka tu. Nilimwona akijiziba mdomo. Lakini darasa zima lilikuwa limeshageuka, na msimamizi amegeuka, na Madamu Rula pia, taratibu kuliko wote.

"Mbona umesimama nje?" msimamizi akauliza. "Mtihani unaanza. Ingia."

"Mimi... mimi nimesindikiza tu."

"Wewe ndiye mwenye jina hili au siye?"

Akanitazama mimi. Akamtazama Mkuu, aliyekuwa amesimama kwenye kona akijifuta shingo na kumtikisia kichwa kwa nguvu: ndiyo, sema ndiyo. Akisema siye, cheti si chake. Akisema ndiye, mashine ndiyo ile.

"Ndiye," akasema.

"Basi mwenye jina aketi. Wewe mama, mpishe. Shauri lako nitalisikiliza mwishoni."

Nikasimama. Akaketi. Madamu Rula akakitoa kitambaa shingoni mwangu, akamfunga yeye, akakaza mkanda, akakinyoosha vizuri mpaka mikono na mashine vikapotea gizani. Karatasi yangu akaichomoa, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwake. Akaweka nyingine nyeupe.

"Dakika hamsini," msimamizi akasema. "Anzeni."

Mashine thelathini zikalipuka kama mvua juu ya bati. Moja tu ilikuwa kimya.

Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkono juu ya kitasa, niliposikia nyuma yangu sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa mtoto.

"Dada," ilinong'ona. "Dada, usiende. Herufi ziko wapi?"

Msimamizi akageuka kutazama nani kasema.